Mpiga pasi anayepotea ovyo, na mbio alizozipanga msituni

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kupigia pasi hadi vioo vya madirisha vinatiririka maji. Mama Mikunjo amesimama mbele ya meza ndefu. Analishika shuka kwa pembe mbili, analikung'uta mara moja, analikunja, analigeuza, analikunja tena. Mwenzake hajamaliza kufunga kamba za aproni, na shuka limeshakaa juu ya lundo, pembe juu ya pembe.

"Mama Mikunjo," anaita mwanamke anayeendesha mashine ya kukaushia. "Hebu tuambie, mlango wa kutokea uko wapi?"

Chumba kizima kinacheka. Mama Mikunjo ananyoosha mkono kushoto, anasita, kisha anaupeleka kulia.

"Kule."

"Kule ni stoo ya sabuni, mama."

Anacheka kuliko wote, huku mikono ikiendelea na kazi. Utani huu ni wa miaka mingi. Katika kiwanda hiki cha dobi, kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali, mama huyu wa miaka arobaini na tisa anajulikana kwa mambo mawili. Hakuna anayekunja kama yeye, na hakuna anayepotea kama yeye. Aliwahi kutumwa ghorofa ya pili kuchukua mataulo, akakutwa duka la viatu la jirani akiwauliza wauzaji mataulo yamewekwa wapi.

Lakini Jumapili iliyopita, watu zaidi ya mia moja waliingia msituni na ramani mikononi, wakifuata njia aliyoipanga yeye. Na mwisho wa siku, kwa neema ya Mungu, jina lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa lake.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Mkimbiaji anapewa ramani na dira. Kwenye ramani kuna vituo vilivyotiwa duara, na msituni, mahali pale pale palipochorwa, kimening'inizwa kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe pamoja na kibanio chenye meno. Mkimbiaji anatoboa kadi yake kwa kibanio hicho kuonyesha kwamba amefika, kisha anatafuta kituo kinachofuata. Hakuna njia iliyochorwa chini. Njia unaitengeneza kichwani.

Mtu angedhani huo ndio mchezo wa mwisho duniani kumfaa Mama Mikunjo. Yeye mwenyewe anakubali.

"Niliingia kwa kupotea," anasema. "Sikuwa na mpango nao kabisa."

Aliacha shule akiwa mdogo, mama yake alipougua na nyumba ikahitaji mtu wa kupika na kuchota maji. Watoto wake watatu walipokua, alijiandikisha masomo ya jioni katika shule ya msingi iliyo karibu na kiwanda. Alikuwa akitoka kwenye pasi miguu imevimba, anakunywa maji, anasali kimya kimya barabarani ili asisinzie darasani.

Jioni moja mwalimu alitangaza kwamba wiki ijayo wangeanza Jiografia katika chumba kingine. Mama Mikunjo alifika mapema, akafungua mlango aliodhani ndio, akaketi mbele. Ukutani palikuwa na ramani kubwa. Mzee mmoja alikuwa akigawa dira.

Mzee huyo ni mwenyekiti wa klabu ya mchezo wa ramani. Watu humwita Posta, kwa sababu ujana wake wote alisambaza barua kwa baiskeli.

"Aliniuliza, mama, umewahi kushika dira? Nikasema sijawahi, mwalimu," anakumbuka. "Akanionyesha. Nikaandika kila kitu kwenye daftari. Mwishoni akauliza nani atakuja Jumapili msituni. Nikasema moyoni, kumbe Jiografia ya siku hizi ina mtihani wa kutembea."

Posta naye ana upande wake wa hadithi. "Nilijua amekosea chumba," anasema. "Aliniita mwalimu mara nyingi mno. Lakini ndiye pekee aliyekuwa anaandika. Nikasema huyu simfukuzi."

Nyumbani, mumewe, fundi baiskeli, aliposikia habari ya msitu aliweka spana chini.

"Wewe? Msituni? Na ramani?" alimuuliza. "Mama watoto, mimi nitakuja kukutangaza redioni. Mwanamke mweupe wa moyo, amevaa kitenge cha kijani, mwenye kumwona atoe taarifa."

"Basi nitavaa cha njano," alimjibu, "unione kwa mbali."

Siku hiyo ya kwanza alipotea kama ilivyotarajiwa. Alirudi kupitia nyuma ya vyoo, upande ambao hakuna aliyewahi kurudia, akiwa ametoboa kadi yake sehemu mbili tu, na moja ya hizo haikuwa ya njia yake. Ramani ilikuwa imelowa jasho na kukunjamana. Akaipeleka kiwandani ili ainyooshe, akaiwekea pasi.

Hakujua kwamba ramani za mchezo huo huchapwa kwenye karatasi yenye plastiki ili mvua isiziharibu. Msitu wote ulibaki umeganda kwenye pasi.

"Bosi alinusa tu akajua," anasimulia mwanamke wa mashine ya kukaushia. "Alikuja mbio akauliza nani anachoma ndoo. Mama Mikunjo kasimama pale na kipande cha ramani mkononi, kimebaki mto tu."

Angeweza kuishia hapo. Kazi yake inalipwa kwa hesabu ya vipande, Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, na miguu ilikuwa ikimuuma. Alichogundua ni kwamba kutembea msituni kuliituliza ile miguu ambayo kusimama kiwandani kuliivimbisha. Na kulikuwa na jambo jingine.

"Kiwandani nikipotea watu wanacheka. Sina kinyongo, hata mimi nacheka. Lakini klabuni nilipopotea, Posta aliniuliza: ulipotelea wapi, na ulidhani uko wapi? Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo la pili."

Kwa kuwa hakuwa na mbio, alijitolea. Alianza na kazi isiyo na mgombea: kuvuna vibendera. Mashindano yakiisha na watu wakiwa wanakunywa maji na kusimuliana, mtu lazima arudi msituni kukusanya vibendera vyote. Aliichukua kazi hiyo. Jumapili baada ya Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, alikwenda, akapotea, akajikuta, akarudi na vibendera mgongoni. Posta alimfundisha kuigeuza ramani hadi kaskazini yake ilingane na kaskazini ya dira, na kuikunja ibaki ile sehemu anayopita tu, kidole gumba kikiwa pale alipo. Kukunja hakukuhitaji mwalimu. Kidole gumba ndicho kilichochukua muda.

"Nilikuwa nakiondoa nikiona ndege," anasema.

Kisha yakaja mashindano ya mwaka jana, ambayo wanaklabu hawapendi kuyazungumzia.

Mpanga njia, yaani anayechagua vituo na kutundika vibendera, alikuwa Posta mwenyewe. Katikati ya msitu huo yapo makorongo mawili yanayofanana, yamelala ubavu kwa ubavu, katikati yake kuna tuta la miti. Wanaklabu huyaita Mapacha. Posta aliweka kibendera kwenye pacha asiyetiwa duara kwenye ramani. Wakimbiaji wa klabu kadhaa walizunguka hadi wakachoka, malalamiko yakapelekwa kwa mwamuzi, mbio zikafutwa mbele ya umati.

Chama kinachosimamia mchezo huo kikatoa onyo. Kosa la pili la namna hiyo, klabu itaondolewa katika ratiba. Na klabu isiyokuwa na mashindano ya kuandaa hunyang'anywa ruhusa ya kutumia msitu. Kwa maneno mengine, itakufa.

Kwa hiyo, kikao cha kutafuta mpanga njia wa mwaka huu kilipofanyika, kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakimbiaji hodari walisema wanataka kukimbia. Posta alisema mkono wake hautagusa tena kibendera siku ya mashindano.

Mama Mikunjo akanyoosha mkono.

"Wote waligeuka," anasema. "Mmoja akaniambia, mama, choo ni mlango wa pili."

Posta hakucheka. Alimuuliza kwa nini yeye.

"Nilimjibu ukweli. Nilisema, ninyi mkipita msituni mnapita tu, kwa sababu hampotei. Mimi nimepotea mle kila mahali. Napajua kila mahali ambapo mtu anadhani amefika na hajafika."

Walipiga kura. Alipita kwa kura moja, na anaamini kura hiyo ilikuwa ya Nesi, muuguzi kijana ambaye ndiye mkaguzi wa klabu. Nesi hakatai wala hakubali. "Kura ni siri," anasema, na kutabasamu.

Kazi ya mkaguzi katika mchezo huu ina utaratibu wake. Wiki kadhaa kabla ya mashindano, mpanga njia hufunga utepe mdogo mahali ambapo kila kibendera kitakaa. Kisha mkaguzi huingia msituni peke yake na ramani. Haonyeshwi, haelekezwi, hadokezewi. Akiufikia kila utepe kwa kuifuata ramani, njia imepita.

Mama Mikunjo alizipanga tepe zake kwa miezi. Kabla ya kufunga kila moja alifumba macho na kusali. Kituo cha saba alikiweka palepale klabu ilipoangukia, kwenye Mapacha. Wenzake walimsihi akiruke.

"Nilikataa. Ukikwepa mahali kwa sababu uliaibika pale, utakuwa unapakwepa hadi uzeeni."

Nesi aliingia msituni asubuhi, akatoka mchana. Alimwendea Mama Mikunjo taratibu, kama anayemwendea mgonjwa.

"Mama, utepe wako wa saba uko kwa jirani."

Kosa lile lile. Pacha yule yule.

Mama Mikunjo alikaa juu ya kisiki akalia. Alimwambia Posta aichukue kazi, kwamba Mungu amemwonyesha mipaka yake. Posta alikaa chini kando yake, mzee wa watu na magoti yake mabovu.

"Mimi nilikosea mbele ya umati," alimwambia. "Wewe umekosea mbele ya Nesi na miti. Hiyo ndiyo kazi ya Nesi na miti. Inuka ukauhamishe."

Akainuka. Lakini kabla ya kuuhamisha, alijiuliza lile swali la Posta: nilidhani niko wapi? Alirudi njia yote aliyojia hadi akapata jibu. Kuna jiwe kubwa ambapo mteremko unamvuta mtu kushoto bila yeye kujua. Mguu unafuata mteremko, jicho linaona korongo, moyo unasema nimefika.

"Mtu aliyepotea hajisikii amepotea," anaeleza. "Anajisikia yuko sawa kabisa. Hapo ndipo penye hatari."

Jumapili ya mashindano aliamka giza bado halijatoka. Ibada alikuwa ameihudhuria Jumamosi jioni. Akaingia msituni na begi la vibendera, akavining'iniza kimoja baada ya kingine, mwanga ukiwa hafifu, umande ukilowesha pindo la nguo. Mumewe alikuja pia, kwa mara ya kwanza. Alisema amekuja kulinda baiskeli za watu.

Mbio zilianza vizuri. Wakimbiaji walitawanyika kati ya miti, na kwa muda kulikuwa na utulivu. Kisha mtu mmoja akatoka msituni akitembea, ramani ameikunjia kwapani. Alikuwa bingwa wa klabu jirani, muuza nyama mwenye mabega mapana.

"Cha saba hakipo," alimwambia mwamuzi kwa sauti ya kusikika. "Nimelizunguka korongo lote. Hawa watu mwaka jana walitufanyia hivi hivi."

Nyuma yake wakatokea wengine wawili na maneno hayo hayo. Ni kweli wapo waliokuwa wamekitoboa kituo hicho, lakini hilo halikumaliza ubishi, kwa sababu hata kibendera kilichowekwa pabaya huwa kinaonwa na mwenye bahati yake. Umati ukaanza kunong'ona. Posta akatafuta mahali pa kukaa.

Mumewe alimsogelea akamuuliza chinichini: "Mama watoto, una uhakika?"

"Na utepe nina uhakika," alimjibu. "Na kibendera sina. Nilikifunga gizani."

Kanuni ya malalamiko ni kali. Mwamuzi huenda kukitafuta kituo kwa ramani yake mwenyewe. Mpanga njia humfuata nyuma, mdomo umefungwa. Akisema neno moja, au hata akielekeza kwa kidole, kituo kinahesabiwa kimekosewa.

Wakaingia msituni. Mwamuzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye buti za mpira na mwendo wa haraka. Alishika mwelekeo vizuri, akavuka kijito, akapanda. Akafika kwenye lile jiwe kubwa. Na pale, anasema Mama Mikunjo, aliuona mguu wake wa kushoto ukianza kwenda wenyewe.

"Nilitaka kumvuta shati. Niliuma kanga yangu."

Mwamuzi aliteremka kwenye korongo. Hakukuwa na kitu. Alitazama juu, akatazama chini, akazunguka hadi mwisho na kurudi. Hakuna kibendera. Akatoa kalamu mfukoni.

"Hapo nilisali macho wazi," anasema Mama Mikunjo. "Sikuomba kibendera kiwepo. Kama nilikosea, nilikosea. Niliomba tu yule baba atazame ramani mara moja zaidi kabla hajaandika."

Sijui mbinguni maombi mafupi hupokelewaje. Mwamuzi aliiondoa kofia ya kalamu, akasimama, akakunja uso. Akaigeuza ramani, akaweka dira juu yake. Korongo lililotiwa duara lilikuwa na kona mwishoni. Hili alilosimama lilikuwa limenyooka kama rula. Akapanda tuta la miti, akachungulia upande wa pili, akaanza kucheka.

Mama Mikunjo akapanda kumfuata. Chini yao, kwenye kona ya korongo la pili, kibendera cha rangi ya chungwa kilikuwa kinacheza na upepo, mahali hasa palipochorwa.

"Mama, ulikuwa unajua nimepotea tangu kwenye jiwe?" mwamuzi alimuuliza.

Alitikisa kichwa kukubali. Bado hakuthubutu kufungua mdomo.

"Unaweza kusema sasa."

"Karibu cha saba," akasema.

Waliporudi, mwamuzi alisimama juu ya kreti akatangaza kwamba kituo kiko sahihi, njia iko sahihi, na mbio zinaendelea. Wanaklabu walipiga makofi hadi ndege wakahama. Posta alisimama bila fimbo yake. Yule muuza nyama alitikisa kichwa, akatazama ramani, akamtazama mwanamke aliyekuwa anafuta matope kwenye kanga.

"Nimepigwa chenga na mama wa pasi," akasema. Kisha akakunjua ramani na kukimbia kurudi msituni kukitafuta cha saba. Umati ulimshangilia yeye pia. Alimaliza karibu na mwisho, na alipopokea maji alimwomba Mama Mikunjo amwonyeshe jiwe lilipo.

Kabla watu hawajatawanyika, mwamuzi alizungumza tena kwa niaba ya chama. Onyo limefutwa. Klabu inabaki katika ratiba, na mwakani itaandaa mashindano makubwa zaidi ya klabu zote, katika msitu mpya ulio ng'ambo ya mto. Aliuliza nani atakuwa mpanga njia. Hakuna aliyeangalia viatu vyake. Wote waligeukia upande mmoja.

Mumewe anasema usingizi ulimpaa usiku huo kwa furaha. Tangu wakati huo wateja wanaoleta baiskeli zao hawatengenezewi mpaka wasikilize habari ya korongo na kona yake. Amejiandikisha klabuni. Jumapili hii atakimbia kwa mara ya kwanza.

"Nimeshamwambia asiogope," anasema mkewe. "Akikawia, nitamtangaza redioni."

Kiwandani, wafanyakazi wanne wameomba kufundishwa, akiwemo yule wa mashine ya kukaushia, ambaye anadai anakwenda kwa ajili ya kupunguza tumbo tu. Mama Mikunjo amekwishawakunjia ramani zao. Amewaomba wasizipige pasi.

Ule msitu wa ng'ambo ya mto hajawahi kuukanyaga. Anasema ni mkubwa mara mbili ya huu, una vinamasi na vichuguu, na hata Posta haujui. Amepanga kuanza kwenda huko Jumapili itakayofuata ile ya mumewe, baada ya ibada ya kwanza, peke yake, na dira na chupa ya maji.

Anaulizwa ataanzia wapi.

Analiweka shuka juu ya lundo, analisawazisha kwa kiganja, anafikiri.

"Nitaanza kwa kupotea," anasema. "Nitapotea mle mpaka niishiwe mahali pa kupotelea. Hapo ndipo nitafunga utepe wa kwanza."